Akriliki au rangi ya mafuta kwa picha dhahania za mandhari?

Ukishatembea kutwa kwenye vilima vya Lushoto, ukasimama Irente, kwenye ukingo wa mlima, na kuiona nyika ikififia kule chini, kinachobaki kichwani si mti huu wala nyumba ile. Ni mikanda ya rangi: kijani kizito, wekundu wa udongo, buluu ya mbali. Uichore kwa rangi gani?

Kwa kasi, akriliki, yaani rangi ya plastiki inayochanganywa na maji, haina mpinzani. Hukauka haraka, kwa hiyo unaweka tabaka juu ya tabaka jioni ileile, macho yakiwa bado yanakumbuka. Brashi huoshwa kwa maji tu, ila zikikaukia rangi, basi tena. Ujue pia kwamba ikikauka hukolea kidogo.

Lakini pale nyika inapoyeyukia angani, mafuta ndiyo yenyewe. Hubaki mabichi kwa siku kadhaa. Unaisugua buluu ndani ya kijivu kwa kitambaa mpaka mstari wa upeo upotee kabisa. Nimejaribu hivyo kwa akriliki, haifiki pale. Gharama yake ni subira na tapentaini ya kuyeyushia rangi. Tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini, la sivyo picha itapasuka.

Unayechorea sebuleni penye watoto, au unayebeba vifaa mgongoni, chukua akriliki. Mwenye chumba kinachopitisha hewa na asiye na haraka ya kuuza, achukue mafuta. Unaweza pia kuanza na akriliki, kisha mafuta juu yake. Kinyume chake usithubutu, akriliki itabanduka.