GitHub Actions kwa timu ndogo: inafaa, ila dakika zichunge

Sisi ni timu ya watu watano, ofisi iko Ngong Road, na tunatengeneza mfumo wa kukusanya kodi za nyumba kwa M-Pesa. Tulipoamua kuanza CI, yaani kazi ya kila mtu ijengwe na kujaribiwa na mashine kabla haijaingia tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo), msimbo wetu ulikuwa tayari GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, kwa hivyo nilichukua GitHub Actions, huduma yao ya CI, na sikuhangaika kutafuta kwingine. Jenkins, programu nyingine ya CI, naijua. Ni nzuri, lakini inataka seva na mtu wa kuilea, na mtu huyo sisi hatuna.

Unaanza na faili moja ya YAML (namna ya kuandika mipangilio) ndani ya folda ya .github/workflows. Unaeleza kazi ianze lini, kwenye mashine gani (sisi Ubuntu, aina ya Linux), kisha hatua zake: chukua msimbo, weka Node (inayoendesha JavaScript), pakua maktaba (msimbo wa watu wengine tunaoutegemea), endesha majaribio. YAML yenyewe ina visirani; nafasi moja ikikaa vibaya, faili nzima inakataa.

Maktaba zote hupakuliwa kule kule kwenye mashine za GitHub. Mwenzetu anayefanyia kazi Rongai kwa bando la simu anatuma mistari michache tu, na stima ikipotea baada ya hapo majaribio hayana habari.

Faida tuliiona mapema. Kuna aliyebadilisha fomu ya mpangaji ikawa inakubali namba za 07 peke yake. Kwake ilienda vizuri, maana anajaribu na namba yake mwenyewe. Kumbe kwenye majaribio tulikuwa na mpangaji wa 0110, na alama nyekundu ya kufeli ikatokea hapo hapo. Nyingine ilitukuna vichwa zaidi: mashine hizo hutumia saa ya UTC, nyuma ya Nairobi kwa saa 3. Malipo ya saa saba usiku tarehe mosi yakawa yanaingia mwezi uliopita! Kompyuta zetu zote ziko kwenye saa ya Nairobi, kwa hivyo hapa ofisini hilo lisingejitokeza kamwe. Unaweza kulazimisha mashine itumie Africa/Nairobi ukanyamaza, lakini dawa ni kurekebisha msimbo.

Sasa gharama. Mradi wa wazi haulipi kwa mashine za kawaida. Mradi wa faragha kwenye mpango wa bure hupewa dakika 2,000 za mashine kwa mwezi, na kila kazi huhesabiwa kwa kupandishwa hadi dakika kamili, kwa hivyo ukiigawa vipande vidogo vidogo unajiumiza. Halafu usipoweka kikomo, kazi iliyokwama inaweza kuendelea hadi dakika 360. Andika timeout-minutes: 10 siku ya kwanza, kabla hata ya kachi ya maktaba (kuzihifadhi ili zisipakuliwe upya). Majaribio nayo yasipige Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa, kila mara. Sisi tunatumia majibu ya kuigiza, na funguo halisi zinakaa kwenye hifadhi ya siri ya GitHub, si kwenye faili.

Kinachoniudhi ni kwamba kufuli ya kuzuia msimbo mbovu usiingie tawi kuu la mradi wa faragha haimo kwenye mpango wa bure. Bosi bado anapiga hesabu ya dola kwa kila kichwa. Kwa sasa tumewekeana sheria kwa mdomo: ikiwa nyekundu hakuna kuunganisha, hata kama mwenye ploti anapiga simu.