Raketi "ya Nadal" iliyonifikia Kigoma ikiwa na mpini namba 4

Nimeitumia miezi saba sasa, kwa hiyo naweza kuisema bila kuisingizia. Ni raketi ya tenisi, Babolat Pure Aero ya mtumba, niliinunua shilingi 190,000 kwa muuzaji wa Dar anayetangaza mtandaoni, nauli ya mzigo kwenye basi juu yangu. Tangazo lilisema ni "raketi ya Nadal", yaani Rafael Nadal, yule bingwa wa tenisi wa Hispania. Nilipouliza mpini ni namba ngapi, nikaulizwa na mimi: "Kaka, mkono wako mkubwa au mdogo?" Nikasema mkubwa. Ikaja namba 4. Sikubisha, maana hata mimi niliamini mpini ni kama kiatu.

Kwa asiyejua, namba hizo ni mzingo wa mpini. Namba 2 ni inchi 4 na robo, namba 3 ni inchi 4 na thumuni 3, namba 4 ni inchi 4 na nusu. Toka namba moja hadi ya pili ni thumuni moja ya inchi, yaani milimita 3 na ushee. Kwenye rula utacheka. Mkononi hucheki.

Kiwanja chetu ni cha sementi, kina ufa mmoja tunaoujua wote, na wavu umeungwaungwa na mvuvi wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma ufukweni, kwa nyuzi za jarife. Jumamosi ya kwanza nilipiga vizuri nusu saa hivi, halafu jasho likaanza. Joto la ziwani mnalijua. Mpini mnene vidole haviufungi, kwa hiyo unaukaba, na ukiukaba mkono unachoka, na mkono ukichoka raketi inageuka mpira ukiugusa pembeni. Jioni nilikuwa na lengelenge chini ya kidole gumba na msuli wa mbele ya mkono umekaza kama nimetwanga kisamvu cha harusi. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Huduma yangu, yaani pigo la kuanzisha pointi, ambayo ndiyo pekee ninayojivunia, ikafa kabisa, kwa sababu kifundo cha mkono hakikunjuki tena.

Kilichoniuma zaidi nilikijua baadaye. Nadal mwenyewe, pamoja na mkono ule, alicheza miaka yote na mpini namba 2! Mpini mwembamba unakiachia kifundo uhuru wa kuusugua mpira kwenda juu, na ndio mtindo uliompa mataji 14 ya Roland Garros, mashindano makubwa ya Ufaransa. Zamani za raketi za mbao watu walishika mipini minene. Mpira ulipigwa bapa zaidi, na raketi yenyewe ilikuwa nzito. Mchezo umebadilika, mipini ikakonda. Kwa hiyo nimeuziwa jina la mtu pamoja na mpini ambao mtu huyo asingeushika.

Na hata ningeletewa namba 2, isingekuwa raketi yake. Ya dukani ina gramu 300 kabla ya nyuzi. Za wachezaji wakubwa zinatoka kiwandani zikapitia kwa fundi: anabandika utepe wa risasi, ile metali nzito, kichwani au pembeni, anajaza silikoni ndani ya mpini, anaufinyanga mpini kwa umbo la kiganja cha mteja, kisha anahakikisha raketi zote za mkoba mmoja zinalingana uzito na jinsi uzito ulivyogawanyika kati ya kichwa na mpini. Wengine wameng'ang'ania fremu ya miaka kumi nyuma, inapakwa tu rangi ya toleo jipya ili tangazo liende. Pete Sampras, bingwa wa Marekani wa miaka ya tisini, alibaki na kichwa kidogo cha inchi za mraba 85 mpaka anastaafu, raketi imejazwa risasi ikakaribia gramu 400. Roger Federer, bingwa wa Uswisi, alishikilia 90 mpaka 2014 ndipo akahamia 97. Hawa watu ni wagumu kubadilika kuliko bibi zetu na vyungu vyao.

Basi nikaamua kuwa fundi wangu mwenyewe. Kosa la kwanza lilikuwa kumwiga Nadal tena: nikabandika gramu 8 za utepe wa risasi juu kabisa ya kichwa. Mpira ulitoka mzito, raha tupu, kwa wiki moja. Wiki ya pili kiwiko kikaanza kuuma nikinyanyua kikombe cha chai. Nafundisha fizikia kidato cha tatu na bado nilisahau ninachokiandika ubaoni: umbali ukiwa mara 2, ugumu wa kuzungusha unakuwa mara 4. Nikaibandua.

Kilichosaidia ni kuvua. Nilitoa gripu ya kiwandani, yaani utepe unaozungushiwa mpini, ile nene ya chini, nikabaki na mpini mtupu wenye kona zake nane kali, nikazungushia gripu nyembamba mbili tu juu yake. Hapo mpini ukashuka karibu namba nzima. Jaribio ni hili: shika raketi, kisha pitisha kidole cha shahada cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Mwanzoni hakikupita. Sasa kinapita na kugusa pande zote mbili. Na faida ambayo sikuitegemea: kona zimerudi, najua uso wa raketi umeelekea wapi bila kutazama.

Ila raketi ikapepesuka. Kwenye mizani ya muuza dagaa wangu pale Mwanga, hapa mjini, mwanzoni ilikuwa gramu 323. Baada ya kuvua gripu ikawa 312, na zilizopotea zote ni za mkononi, kwa hiyo kichwa kikawa kizito kuliko mwili. Nikateremka Kibirizi kwa yule yule mvuvi wa wavu, nikamwomba risasi za nyavu.

"Mwalimu, unakwenda kuvua na hiyo?"

Akazipondaponda juu ya jiwe mpaka zikawa bapa kama ganda la ndizi. Nilikata gramu 12, nikazifunga kwa plasta, nikang'oa pini za kifuniko cha kitakoni, nikazisukuma ndani na pamba nyingi. Mara ya kwanza pamba haikutosha, raketi ikalia kama kayamba kila huduma na mpinzani akadai pointi irudiwe. (Osheni mikono baada ya kushika risasi, kabla ya kugusa chakula.)

Sasa hivi naipenda. Fremu ni imara, inazungusha mpira, haina ufa wala tetemeko. Ukiagiza, usikubali swali la mkono mkubwa au mdogo. Chukua futi ya fundi cherehani, pima toka ncha ya kidole cha pete mpaka mstari wa pili wa kiganja. Mimi nilipata inchi 4 na thumuni 3, namba 3 kabisa. Ukiwa kati ya namba mbili chukua ndogo, kwa sababu kunenepesha ni gripu moja tu juu, na kukondesha ni kazi mliyoisoma hapa.

Kinachonisumbua bado ni gripu nyembamba. Kwa joto hili moja inakufa kwa Jumamosi mbili, na hapa mjini sijazipata dukani. Mwenye kujua zinapouzwa karibu kuliko Dar anijulishe.