Mafuta ya mchaichai na fungu la mujaaja: mbu wanakimbia, ila neti msiitoe

Niliyachukua kwa mama mmoja anayeuza majani na mafuta ya mimea pale soko la Nakasero, Kampala, kichupa kidogo elfu nane, na fungu la mujaaja mbichi, yale majani ya jamii ya mrehani, akaniongezea bure. Mi nakaa Entebbe karibu na ziwa na mbu wa huku mnawajua, giza likiingia tu ukitoka nje miguu inawasha.

Mafuta yenyewe ni mazuri jamani. Ukifungua tu kifuniko mchaichai unaujaza uso, na ameyachanganya na mafuta ya nazi kwa hiyo ngozi haichomi, hapo nampa hongera kabisa maana kuna watu wanauza makali hivyohivyo, ukipaka unatoka vipele. Paka vifundo vya miguu, nyuma ya magoti, shingoni. Mtoto mdogo usimpake viganjani, si mnajua vidole vyote vinaishia mdomoni na machoni. Ukikaa nje unapiga stori, kwa lisaa hivi mbu utawasikia wanapita sikioni ila hawatui, maana ile harufu inawavuruga wasipate njia ya jasho na pumzi yako. Hayaui mbu lakini, na harufu ikipotea kinga nayo imekwisha, ukiwa unatoka jasho ndo mapema zaidi, inabidi upake tena.

Mujaaja nao usiuweke tu dirishani kama pambo ukategemea maajabu. Ponda majani kwenye vidole mpaka harufu ile ya karafuu itoke, au tupia machache kwenye sigiri hapo nje mnapokaa, moshi wake unasaidia sana. Chumbani mmefunga madirisha na watoto wamelala, hapana, moshi ni moshi hata ukinukia, watakohoa mpaka asubuhi. Yanayobaki weka kwenye chai, tamu sana.

Sasa kilichoniudhi. Huyo mama kila mteja anamwambia ukipaka hii neti ya nini tena. Hapana mama yangu! Mbu wa malaria anauma zaidi usiku wa manane kwenda alfajiri, saa ambazo wewe umelala fofofo na mafuta yameshakauka zamani, nani ataamka kupaka? Na hii ni Uganda, wilaya ya Apac kule kaskazini miaka ya 2001 na 2002 watafiti walikadiria mtu mmoja anaumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 1,500 kwa mwaka, na ni hukohuko Apac chanjo ya malaria ya watoto ilipozinduliwa Aprili 2025, na hata waliochanjwa bado wanaambiwa walale kwenye neti. Mzazi akisikia maneno ya sokoni akaikunja neti akafungia kuku, mtoto ndo anaumia. Namuomba aache hayo maneno, bidhaa yake inajiuza yenyewe.

Kwa jioni za nje, harusi, mkesha, kungoja bodaboda usiku, nawashauri mnunue na mi nitarudi kuchukua ingine. Ukifika omba ile ya chupa ya kahawia, zile za plastiki nyeupe anazianika mbele ya meza kwenye jua na harufu yake imeshapungua kabla hujalipa.