Lenzi ya sonara ya 10x: kidude cha bei chee kinachojibu swali la "ulijuaje ni mninga?"

Wakuu salama? Kila wakiingia vijana wapya upande wa upelelezi wa makosa ya misitu naulizwa wanunue nini kwa hela yao wenyewe, na najua wanategemea nitaje GPS, darubini, buti, pengine hadi drone. Vyote hivyo vina kazi yake na vingine utavikuta ofisini. Kitu ambacho inabidi ukitafute mwenyewe, na utakitumia karibu kila siku ya kazi, ni lenzi ya kukunja ya mara kumi, ile ya masonara na mafundi saa. Inaingia mfuko wa shati na bei yake haifiki hata nusu ya buti nzuri.

Yangu nimeichukua Kariakoo kwa elfu ishirini na tano baada ya kubishana sana maana muuzaji alianzia elfu arobaini. Ni ya chuma, kioo milimita 18, inazunguka na kujificha ndani ya kava lake lenyewe, na ndani ina vioo vitatu vilivyogandishwa pamoja. Hilo la vioo vitatu lishike, nitalirudia. Jina la kampuni halipo, imeandikwa 10x basi.

Sasa kwa wasioijua hii kazi. Watu wanadhani mpelelezi wa misitu anashinda porini anakimbizana na wenye chenso. Porini kupo, ila kesi nyingi zinazaliwa getini, barabarani na kwenye yadi za mbao, na zinazaliwa kwenye karatasi. Dereva anashuka, ana leseni, ana risiti, ana TP (kile kibali cha kusafirishia mazao ya misitu) imegongwa muhuri, namba ya gari iko sawa, ujazo unakaribiana, alama ya nyundo, ile ofisa wa misitu anayoigonga kwenye mbao, ipo. Kila kitu safi kabisa, ila TP inasema myombo na mzigo ulioko nyuma unakupa wasiwasi kwamba ni mninga. Mrabaha unalipwa kwa daraja la mti, kwahiyo ukiubadilisha mninga ukawa mti wa daraja la chini kwenye karatasi hiyo ni hela ndefu serikali haiioni, na mara nyingine hata kibali cha kuukata huo mninga hakikuwepo popote. Kuna wanaopanga mbao za msindano za shamba la miti la Sao Hill juu na pembeni halafu mzigo wenyewe unakaa katikati. Kuna wanaopaka oili chafu ncha zote za mbao, ukiuliza unaambiwa "afande hiyo dawa ya mchwa", na cha kuudhi ni kwamba kweli watu wanatumia oili chafu kuzuia mchwa kwahiyo huwezi hata kumbishia.

Kwa macho peke yake hapo umekwama. Rangi inadanganya, mbao iliyopigwa jua inakuwa kijivu, iliyoloa inakuwa nyeusi, na wekundu uko kwenye miti mingi tu. Kinachosema ukweli ni ncha ya ubao, pale msumeno ulipoukata mti kimkingamo. Unachukua kisu cha nyembe za kubadilisha, zile za kukatia maboksi (wembe wa kunyolea unakatika kwenye mbao ngumu, na vipande vinaruka machoni), unasafisha sehemu ndogo ukubwa wa ukucha, mkato mmoja laini bila kurudiarudia, unaweka tone la maji. Mate pia yanafaa, usijifanye mstaarabu. Halafu lenzi inakaa karibu kabisa na jicho mpaka inagusa nyusi, ubao ndio unausogeza, na picha inakaa sawa ukifika kama sentimita mbili na nusu. Wageni wote wanaishika lenzi mbali wamenyoosha mkono, hapo huoni kitu zaidi ya ukungu na utasema lenzi mbovu.

Ukipata mkao aisee ni dunia nyingine. Msindano hauna matundu kabisa, ni nyuzi ndogondogo tupu na vijishimo vya utomvu vimetawanyika hapa na pale, kwahiyo mbao za msindano na za miti ya asili unazitenganisha kwa sekunde chache hata kama zote zimepakwa oili. Mkaratusi una matundu ya mojamoja yaliyojipanga mshazari, na weupe wa kuyazunguka ni wa kutafuta. Mninga una matundu makubwa kiasi yamezungukwa na weupe unaoungana na kuwa mikanda inayopindapinda, na ile mistari inayotoka moyoni kwenda kwenye gome ni myembamba sana bila lenzi huioni. Ukigeuza ubao ukasafisha ubavu wake unaona vimistari vya mlalo vimejipanga safu safu, hiyo ni tabia ya jamii yake nzima. Mkongo huo mstari wa safu hauna kwa kawaida, wenyewe weupe unalizunguka kila tundu likawa na umbo la jicho, na ndani ya baadhi ya matundu unakuta unga wa njano umeganda. Mvule nao una vijiwe vyeupe ndani yake, wenye mashine za kupasua mbao wanavijua vizuri maana vinaua meno ya msumeno.

Mpingo ndio lenzi inashindwa kidogo, matundu madogo na mbao nyeusi tii, unatafuta mpaka jicho linatoa machozi. Ila mpingo nani anahitaji lenzi, kipande chake ukikitupa kwenye ndoo ya maji kinazama, umemaliza. Msandali vilevile, huo ni kazi ya pua.

Mkaa je? Hapa ndipo watu wengi hawajui na ndipo mimi naipenda zaidi hii lenzi. Mti ukichomwa ukawa mkaa umbo la ndani linabaki, umesinyaa tu. Na mkaa hauhitaji hata kisu, unavunja kipande kwa mkono, ule uso mpya uliovunjika unang'aa na matundu yote yanaonekana. Kwahiyo mtu akikuambia gunia zake zote ni matawi ya miembe ya shambani kwake, vunja vipande kutoka juu, kati na chini ya gunia, maana huwa wanapanga ya kuonyesha juu. Vaa glovu au kubali kwenda nyumbani kama fundi jiko.

Mtauliza yote haya ya nini wakati una uzoefu. Kuna mwenzangu alikuwa shahidi mahakamani, kesi ya lori, kila kielelezo kipo, hati ya ukamataji imesainiwa vizuri. Wakili wa utetezi akasimama akamuuliza kwa upole kabisa, "Shahidi, iambie mahakama, ulijuaje kwamba ni mninga?" Akajibu kwa uzoefu wangu mheshimiwa. "Uzoefu wa kuangalia?" Ndiyo. "Mteja wangu ana miaka ishirini kwenye biashara ya mbao, naye ameangalia, anasema ni myombo. Mahakama imwamini nani?" Jamaa kimya, anaangalia viatu. Kwa kawaida mshtakiwa hana kazi ya kuthibitisha kitu, kazi ni yetu, na ni bila kuacha shaka yenye msingi.

Ukiwa na lenzi jibu linabadilika kabisa. Unasema nilikata sehemu ya ncha, nikaangalia kwa lenzi ya mara kumi, nikaona moja mbili tatu, sifa hizi haziendani na mti uliotajwa kwenye TP, ndipo nikazuia mzigo, nikachukua sampuli mbele ya dereva na shahidi huru, nikafunga lakiri, ikapelekwa kwa wataalamu. Wataalamu wa mbao wa TAFORI (taasisi ya utafiti wa misitu) au SUA (chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine) pale Morogoro ndio wanaokuja kusema neno la mwisho, wana darubini na vipande vya kulinganishia. Lenzi inakupa sababu ya kulizuia lori, na hiyo sababu unaweza kuieleza kwa maneno mbele ya hakimu bila kung'ata ulimi.

Inaokoa pia wasio na kosa na hili watu hawalisemi. Kuna mzee alisimamishwa na mbao nyekundu nyekundu za zamani, vijana wameshaanza kumpandishia sauti, yeye anarudia tu "wanangu hii mikaratusi yangu nimepanda mwenyewe". Nikamwamkia, nikasafisha ncha, nikaangalia, matundu yamekaa mshazari, mikanda hakuna. Nikampa na kijana mmoja aangalie mwenyewe. "Shikamoo mzee, nenda salama." Bila lenzi huyo mzee angelala pale na mbao zake zingepigwa mvua siku kadhaa kusubiri mtu wa kuja kusema kitu ambacho kinaonekana kwa dakika mbili.

Haya, ubaya wake. Kwanza haikupeleki mpaka kwenye aina ya mti kila mara, mara nyingi inaishia kwenye jamii. Mninga na mkurungu ni jamii moja, kwa lenzi mimi siwezi kusimama kizimbani nikaapa ni huyu na sio yule, na anayekuambia anaweza muulize mara mbili. Kwa mizigo ya kwenda nje hilo halisumbui sana siku hizi kwa sababu tangu 2023 jamii nzima ya mninga na ya mkongo ya Afrika iko Kiambatisho cha II cha CITES, ule mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na jamii ya mpingo ilishaingia 2017, kwahiyo kwenye kontena bandarini ukishajua jamii tu unaanza kuuliza kibali kiko wapi. Kwa ndani ya nchi ndio ugomvi unabaki. Pili lenzi haijui mti ulikatwa wapi. Kama umetoka hifadhini au msitu wa kijiji wenye mpango wake wa uvunaji, ncha ya ubao haisemi, hiyo ni kazi ya kurudi kwenye kisiki na GPS yako na kufuatilia leseni.

Tatu, na hapa ndio nimeona vijana wanapigwa, ni lenzi zenyewe madukani. Zimejaa zile zilizoandikwa 30x na kioo kipana cha milimita 21, zinauzwa kama ndio kali zaidi. Uongo mtupu, lenzi ya kweli ya mara thelathini kioo chake ni kidogo sana na unatakiwa uishike chini ya sentimita moja kutoka kwenye kitu, hiyo pana haiwezi kuwa 30x hata ikiandikwa kwa dhahabu. Pima hapohapo dukani: simama mkabala na dirisha au mlango wenye mwanga, shika lenzi mbele ya karatasi nyeupe, isogeze mpaka picha ya dirisha itokee kali kwenye karatasi, pima kwa rula kutoka kwenye lenzi mpaka kwenye karatasi. Gawanya 25 kwa hizo sentimita, jibu ndio ukuzaji wake wa kweli. Umbali ukiwa sentimita mbili na nusu hiyo ni 10x, muuzaji aseme asemavyo. Muuzaji wangu aliniangalia kama nimechanganyikiwa lakini bei ikashuka.

Na hata ingekuwa 20x ya kweli nisingekushauri, eneo unaloliona linakuwa dogo mno, mkono ukitetemeka kidogo umepotea, na juu ya lori mkono unatetemeka tu. Kumi inatosha. Vioo vitatu ndio cha kulipia hela, ya kioo kimoja inaweka rangi rangi za upinde pembeni ya kila tundu na pembeni picha inavutika. Angalia maandishi madogo kwenye noti ya elfu kumi, yakiwa makali hadi ukingoni ndani kuna vioo vya maana. Zile zenye taa mi sizitaki, mwanga wake una ubluu unabadilisha rangi ya mbao, na betri ni zile za saa zinakufa porini.

Kitu kizuri zaidi ambacho nimekigundua kwa kuchezea tu, ukiibana lenzi mbele ya kamera ya simu unapata picha safi ya ncha, weka na rula ndogo pembeni. Picha haichukui nafasi ya sampuli ila kwenye jalada inasaidia sana mwendesha mashtaka kuelewa unaongea nini. Na kuna programu ya bure inaitwa CITESwoodID, imetengenezwa Ujerumani, ina picha za ncha za miti ya biashara iliyo kwenye orodha ya CITES pamoja na inayofanana nayo, iko Kiingereza, Kifaransa, Kihispania na Kijerumani, Kiswahili hamna. Bora zaidi jitengenezee kifuko cha vipande vidogo vya mbao ambazo una uhakika nazo, mninga, mkongo, mvule, myombo, mkaratusi, tiki, kila kimoja kiandike jina, ukipata mashaka unaweka viwili pembeni pembeni.

Naipa nne na nusu kati ya tano. Nusu nimeikata kwa sababu ya skrubu ya kwenye egemeo, inalegea kwa mtikisiko wa pikipiki na ni ndogo kiasi kwamba ikidondoka kwenye majani ndio basi, mi nimeiwekea tone la gundi na kuifunga lenzi nzima kamba ya rangi ya chungwa shingoni.