Mastodon na khanga za bibi: uzoefu wangu tangu 2022

Nilijiunga na Mastodon Novemba 2022, wiki chache baada ya Elon Musk kuinunua Twitter na wengi niliokuwa nawafuata kuanza kuaga. Sikuwa na ugomvi na mtu. Nilitaka mahali pa kuweka picha za khanga alizoniachia bibi, sanduku zima, nyingine za kabla sijazaliwa. Kule nilikokuwa zilikuwa zinazama chini ya matangazo.

Kwa asiyeijua, Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na mwenye nyumba mmoja. Ni programu huria aliyoianzisha Eugen Rochko huko Ujerumani mwaka 2016, na yeyote mwenye ujuzi anaweza kuiweka kwenye seva yake, yaani kompyuta inayotunza machapisho ya wanachama wake, akakaribisha watu na kutunga sheria zake. Seva zinaelewana kwa utaratibu mmoja uitwao ActivityPub, kwa hiyo mimi wa seva hii namfuata na kumjibu wa seva ile, kama mwenye laini ya kampuni moja anavyompigia wa kampuni nyingine. Jina lako linaandikwa pamoja na jina la seva, mfano wa anwani ya barua pepe.

Wiki ya kwanza ilikuwa kimya. Kwenye ukurasa wako wa mwanzo hakuna mtambo unaokuchagulia cha kuona, wala unaokupeleka kwa wageni. Unaona ya wale uliowafuata mwenyewe, yakipangwa kwa saa yalivyoandikwa. Mama mmoja wa seva yetu akanielekeza: andika chapisho la kujitambulisha, weka alama ya reli (#) ya «introduction», yaani utambulisho, sema unapenda nini. Nikaandika kwamba natoka Tanga, napenda khanga, mapishi ya nazi na mvua za masika. Kufikia magharibi nilikuwa nimekaribishwa na watu kadhaa, na mmoja aliuliza maswali matatu ya maana kuhusu nazi. Huku mgeni anapiga hodi, naye anaitikiwa. Alama ya kupenda inamwambia mwandishi kwamba umelipenda chapisho, haiwapelekei wafuasi wako. Ukitaka wengine walione, unalisambaza mwenyewe, jambo ambalo wenyeji wanaliita kubusti. Nimezoea kubusti maneno ya wageni wasio na wafuasi, kwa sababu mimi mwenyewe nilibebwa hivyo.

Desturi iliyonibadilisha kabisa ni ya kueleza picha. Kila picha ina nafasi ya maelezo ambayo programu za kusomea skrini humsomea asiyeona. Chapisho kwa kawaida lina nafasi ya herufi 500. Maelezo ya picha yana nafasi ya 1,500. Mwanzoni niliipuuza nafasi ile. Katikati ya 2023 nikaweka khanga nyekundu ya bibi, watu wakasifu rangi, kisha kaka mmoja wa Nairobi akaniandikia: «Dada, simu yangu inaniambia ‘picha’, basi. Hiyo khanga imeandikwa nini?»

Nilikaa na simu mkononi kwa muda. Khanga ina pindo, ina mji, ina jina, na jina ndilo linalosema. Nilikuwa nimeweka khanga mbele ya mtu halafu nikamnyima maneno yake. Nikamjibu: «Samahani kaka, imeandikwa MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE», nikaendelea na pindo lenye korosho nyeusi na mji wenye mananasi mawili. Akacheka, akasema mama yake alikuwa na ya jina hilohilo, na kwamba aliivaa siku aliyotaka jirani aisome. Usiku ule nilirudi nyuma nikahariri picha moja baada ya nyingine. Tangu hapo nikipiga picha nakuwa nimeshaanza kuieleza kichwani, na nimeona vitu ambavyo sikuwahi kuviona kwenye khanga nilizokua nazo: mshono wa bibi uliopinda, doa la chai lenye umbo la figo, herufi ya jina iliyochapwa kichwa chini.

Hata alama za reli zina adabu yake. Kila neno linaanza na herufi kubwa, #KhangaZaBibi, ili programu isome maneno matatu badala ya kuyatafuna kama neno moja. Jumamosi ni siku ya kuweka picha za paka. Jumapili wengine wanaweka picha bila neno lolote, lakini maelezo ya asiyeona yamo ndani yake.

Desturi ya kufunika iliniletea tabu zaidi. Chapisho linaweza kuwekwa nyuma ya onyo fupi, msomaji akabonyeza akitaka. Niliweka picha ya pweza anayepigwa kwenye jiwe ufukweni, nikaombwa niifunike. Niliudhika, pweza ni kitoweo, na wavuvi wale ni watu wangu. Bado naamini si kila picha ya chakula inahitaji pazia. Lakini siku nilipofungua simu asubuhi nikakutana na habari za mauaji zikiwa zimefunikwa kwa maneno «vita, vifo», nilishukuru. Kwetu habari ya msiba haitupiwi mtu njiani, anakalishwa kwanza.

Kuna kasoro za kweli. Ujumbe wa faragha haujafungwa kwa namna ambayo msimamizi wa seva hawezi kuusoma, kwa hiyo siri usiziandike humo. Majibu ya seva nyingine hayafiki yote, na mazungumzo yaleyale yanaweza kuonekana marefu kwangu na mafupi kwako. Wanaoandika Kiswahili ni wachache mno. Ukichagua Kiswahili kama lugha ya chapisho lako, unawasaidia wengine kukupata.

Lililoniuma ni la 2024, seva yangu ndogo ilipofungwa. Msimamizi alikuwa akiilipia kwa michango na mfuko wake, na alitutangazia miezi mitatu kabla, simlaumu hata kidogo. Kuhama kulichukua dakika chache na wafuasi wangu walikuja nami. Machapisho hayakuja. Unaweza kupakua nakala yake ukaiweka nyumbani, lakini seva mpya haiyapokei, na yale mazungumzo yaliyokuwa chini ya kila khanga, pamoja na ya mama wa yule kaka, yalibaki kwenye seva iliyozimwa. Kabla hujaanza, soma nani anaendesha seva na inalipiwaje, na pakua nakala yako kila mwezi.

Nimeanza upya, khanga moja kila Ijumaa, kila moja na maelezo yake. Yule kaka alinifuata mpaka seva mpya. Juzi kaniandikia: «Dada, Ijumaa hii ni ipi?» Nimemwambia ni WEMA HAUOZI, ya bluu, na kwamba pindo lake limechanika, nitamweleza ni wapi.