Nyaya kazitengeneza vizuri, taa yangu kaing'oa

Naandika nikiwa na hasira na sitaki ipoe kwanza. Ikipoa nitaanza kumtetea yule fundi, maana kuna kazi aliyoifanya vizuri mno, nami nitaisema.

Injini niliyompa aitengeneze ni Garratt, injini ya treni, ya daraja (yaani aina) la 59, zile zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi enzi za mvuke. Hii yangu ni modeli ya skeli ya 1:87, imeundwa kwa mkono, kwa shaba, ikapakwa damu ya mzee kama zilivyokuwa zenyewe. Huikuti dukani. Nilimnunulia mzee mmoja aliyekuwa akipunguza vitu vyake, na hakuna kitu nyumbani kwangu ninachokipenda kuipita.

Tatizo lilikuwa taa ya mbele. Injini ikiingia kona, taa inazima, na mara nyingine umeme wote unakatika kwa shoti. Anayeijua Garratt ameshaelewa. Boila inaning'inia katikati, imebebwa na injini mbili: ya mbele ina tangi la maji juu yake, ya nyuma ina mafuta, na kila moja inageuka kivyake. Basi kwenye modeli kila waya wa mota, wa taa na wa magurudumu yanayochukua umeme relini lazima uvuke kiungo kinachojipinda. Nyaya za zamani zilikuwa zimekakamaa, plastiki imepasuka, shaba iko wazi inagusa fremu.

Nikaipeleka karakana moja huku kaskazini mwa Uingereza ambayo wengi huisifu. Nilisema mambo mawili tu: nyaya zibadilishwe, taa iwake hata kwenye kona. Ikakaa huko miezi.

Siku ya kuichukua niliiona juu ya kaunta na mwanzoni macho yangu hayakukubali. Uso wa tangi la mbele ulikuwa mtupu. Taa haipo! Tundu lake limezibwa na kupakwa rangi, tena rangi isiyofanana na ya pembeni yake. Chini, kwenye boriti ya mbele, kabandika vitaa viwili vya plastiki visivyowaka, kimoja kila upande.

Nikauliza taa iko wapi. Akanijibu huku anaandika risiti, hata uso hakuinua: "Nimekurekebishia. Injini za mvuke hazikuwa na taa ya namna ile. Aliyeiunda alikosea."

Nikamwambia hii si ya Uingereza, ni ya Afrika Mashariki. Akasema yuko kwenye kazi hii tangu sijazaliwa, na injini ya mvuke ni injini ya mvuke.

Si kweli. Taa anazozijua yeye, zile ndogo za mafuta, hazikuwekwa ili dereva aone njia. Mpangilio wake mbele ya injini uliwaambia watu wa ishara ni treni ya aina gani inakuja. Vitaa viwili, kimoja juu ya kila bafa (vile vizuizi vya kupokea mgongano mbele ya injini), ni alama ya treni ya abiria ya mwendo kasi ya Uingereza. Kanibandikia alama hiyo kwenye injini ya mizigo, injini ambayo hata bafa za pembeni haina! Reli yetu ilipita Tsavo usiku, hakuna uzio, tembo wanavuka wanapotaka. Dereva ana injini ya tani 252 na mabehewa nyuma yake, atatembea gizani? Mzee wangu alikulia Voi, na watu wa rika lake wanasimulia jinsi taa ile ilivyoonekana kwa mbali kabla hata mlio haujafika. Mtu anaijua injini kwa taa yake.

Na kinachoniuma zaidi, injini hizi hazikutoka mbali na kaunta yake. Zote 34 ziliundwa na kampuni ya Beyer, Peacock pale Gorton, Manchester, 1955 na 1956. Namba 5918, Mount Gelai, iko Makumbusho ya Reli Nairobi, na picha zake zimejaa mtandaoni. Angetafuta dakika moja tu. Au angenipigia simu, namba yangu anayo.

Sasa niseme haki yake. Nilipofika nyumbani nikaifungua, na nyaya zile, jamani, ni kazi ya mtu anayejua. Katumia nyaya laini za silikoni, nyembamba, kila moja kwa rangi yake inavyotakiwa: nyekundu na nyeusi za kutoka relini, ya machungwa na ya kijivu za mota. Kwenye kila kiungo kaacha mzunguko mdogo wa waya ili injini igeuke bila kuvutwa. Kulehemu kwake kunang'aa, hakuna donge hata moja. Nikaiweka relini ikapita kona kali kuliko zote nilizonazo, polepole kabisa, bila kusita. Haijawahi kutembea hivyo. Jioni ile nilikuwa tayari kumpa nyota nne na kuyameza maneno yake.

Halafu nikaufuata waya mweupe, ule wa taa ya mbele. Umeletwa vizuri hadi ndani ya tangi pamoja na wa bluu, rezista ikalehemiwa mahali pake, kisha zote mbili zimekatwa na kufunikwa ncha. Maana yake alishaitengeneza taa! Ilikuwa tayari kuwaka kwenye kona, kama nilivyomwomba, ndipo akaamua kuing'oa. Sasa nikibonyeza kitufe cha taa, dekoda, kile kifaa kidogo cha ndani kinachopokea amri zangu, inapeleka umeme kwenye ncha iliyofungwa.

Nikampigia simu nikitaka taa yangu. Kikombe cha taa hiyo kilichongwa kwa shaba, kina kioo chake mbele, mahali pa kukinunua hapapo. Akasema labda kimo kwenye boksi la vipande, atatazama akipata nafasi. Sijasikia kitu tangu hapo.

Kama injini yako ni ya Uingereza na unataka nyaya tu, mpelekee, sidhani utapata mkono bora. Hapana, ngoja. Mtu anayekata taa nzima ya mwenyewe bila kumuuliza, leo ni taa, kesho atakuondolea nini? Usimpelekee. Au ukimpelekea, andika kwenye karatasi kisichoguswa, piga picha kila upande, na asaini.

Nyota mbili. Zote ni za nyaya. Akinirudishia taa nitaongeza ya tatu, lakini lile neno "nimekurekebishia" sitalisahau.