Bunduki Tano Zinatosha: Mpangilio Wangu kwa Mnunuzi Aliyeko Marekani

Duka la bunduki la Marekani humchanganya mtu aliyekulia Tanzania au Kenya. Kwetu bunduki ilikuwa ya askari, ya bwana nyama, au gobore la mzee fulani lililofichwa darini. Huku zimepangwa ukutani na bei zake, kando ya mahema na ndoana za samaki, na kijana wa kaunta yuko tayari kukupa yoyote uishike. Ndiyo maana wenzetu wengi wanaoanza kuwinda au kulenga shabaha hununua kwa macho. Miaka michache baadaye sefu limejaa, na nusu ya vilivyomo havijawahi kufyatuliwa.

Msimamo wangu ni kwamba mtu wa kawaida zinamtosha tano, na isiyotoka nje walau kila msimu iuzwe. Nimezipanga kwa jinsi ningezinunua, ya kwanza ikiwa ya kwanza kweli. Kipimo changu kikubwa ni risasi. Bunduki ambayo chakula chake hakipatikani katika duka la mji mdogo hainifai, hata iwe nzuri namna gani.

Kabla ya pesa, karatasi. Ukinunua kwa muuzaji mwenye leseni utajaza Fomu 4473 na jina lako litapitishwa kwenye ukaguzi wa serikali kuu. Kwa sheria ya shirikisho umri ni miaka 18 kwa bunduki ndefu; majimbo mengine yameongeza umri, kibali au siku za kungoja, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako. Mwenye ukaazi wa kudumu anaruhusiwa kununua. Aliye kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa awe na sababu iliyotajwa na sheria, kama leseni halali ya uwindaji. Mambo mawili huwanasa watu wetu. Bangi inaweza kuwa ruksa katika jimbo lako, lakini kwa serikali kuu mtumiaji wake hanunui silaha, na swali limo kwenye fomu. Pili, binamu asiye na sifa akikupa pesa umnunulie kwa jina lako, hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na undugu haukuokoi.

1. Ruger 10/22, kaliba (kipenyo cha risasi) ya .22

Najua hii siyo uliyoiota. Hata hivyo ndiyo ya kwanza, na nafasi hiyo siigawi na nyingine. Imekuwa sokoni tangu 1964, magazini yake ya mzunguko inabeba risasi kumi na inalala sawasawa na tumbo la bunduki bila kuchomoza. Vipuri vyake ni vingi kuliko vya bunduki nyingine yoyote ya .22 ninayoijua: mitutu, vitako, vifyatulio, vyote unabadilisha mwenyewe mezani. Bei ni dola mia tatu na kitu kwa ile ya kawaida.

Sababu ya kuiweka juu ni kwamba haipigi teke. Anayeanza na bunduki nzito hujifunza kufumba macho na kukaza bega kabla mlio haujatoka, na tabia hiyo kuiondoa ni kazi ya miaka. Kwa .22 unapiga mchana kutwa kwa gharama ndogo, unajifunza kupumua, kubana kifyatulio polepole, kuacha shabaha ije. Mkeo atapiga, mwanao mkubwa atapiga ukiwa umesimama naye. Ila usiidharau kwa udogo wake: risasi ya .22 inaweza kwenda zaidi ya kilomita mbili, na juu ya jiwe au maji inaruka kwenda usikotaka. Piga palipo na kingo ya udongo nyuma ya shabaha.

Wapo wanaopendelea .22 ya komeo kwa mwanafunzi, CZ kutoka Ucheki kwa mfano, kwa kuwa kila risasi inaingizwa kwa kuvuta na kusukuma komeo kwa mkono, haijiingizi yenyewe kama kwa 10/22, na mtoto hakimbilii kumaliza magazini. Hoja ni nzuri, na kama una watoto wengi ningekusikiliza.

2. Ya marisau ya pampu: Mossberg 500

Bunduki ya marisau hutema goroli ndogo nyingi kwa mpigo mmoja, na ya pampu hujazwa kwa kuvuta na kusukuma mpini ulio chini ya mtutu. Hapa ugomvi ni wa zamani. Remington 870 ilitoka 1950, Mossberg 500 ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kila moja imeuzwa kwa mamilioni. Ya Remington ina mwili wa chuma kinene, nzito kidogo, laini mkononi. Ya Mossberg mwili wake ni wa alumini, nyepesi, na ukiitikisa utaisikia inacheza.

Mimi nachagua Mossberg, na sababu ni kitufe kimoja. Cha usalama kimekaa juu, nyuma ya mwili wa bunduki, pale kidole gumba kinapolala chenyewe. Unakiona bila kuigeuza bunduki, na mwenye shoto anakitumia sawa na wa mkono wa kulia. Kwa 870 kitufe kiko nyuma ya kifyatulio, kinasukumwa pembeni, na kimetengenezwa kwa mkono wa kulia. Lakini ukikuta 870 ya zamani, ile ya Wingmaster ya miaka ya 1960 au 1970 yenye mti wa mjozi, kwa bei ya Mossberg mpya, sahau niliyosema na uichukue.

Geji, yaani kipimo cha upana wa mtutu, huwasumbua wageni kwa kuwa namba inakwenda kinyumenyume. Kumi na mbili maana yake ni goroli kumi na mbili za madini ya risasi, zenye kipenyo cha mtutu huo, kutimiza ratili moja. Ishirini ni goroli ndogo zaidi, kwa hiyo mtutu ni mwembamba. Nunua 12 kama mwili wako unahimili, 20 kama ni wa kiasi. Usihifadhi risasi za aina hizo mbili katika mfuko mmoja hata siku moja. Ya 20 ikitumbukizwa kwenye mtutu wa 12 hupita chemba na kukwama mbele. Anayedhani bunduki haikujazwa anaingiza ya 12 nyuma yake, na mtutu unapasuka mbele ya uso wake. Ndiyo sababu viwanda vya Marekani hutengeneza za 20 kwa rangi ya njano.

Jambo jingine ni bata. Tangu 1991 marisau ya risasi, yaani ya madini yale mazito, yamekatazwa Marekani nzima kwa kuwinda ndege wa majini. Unatumia ya chuma au ya madini mengine yaliyoruhusiwa. Marisau ya chuma ni magumu, na bunduki ya babu yenye mtutu mwembamba na kibanio kikali mdomoni inaweza kuharibika. Ukirithi au kununua kuukuu, muulize fundi kwanza.

3. Ya komeo kwa mnyama mkubwa: Tikka T3x

Kama unawinda kulungu au elki, yule jamaa yake mkubwa wa huku, hii ndiyo itakayokulisha. Tikka inatengenezwa Finland katika kiwanda cha Sako, na bei yake inaanzia chini kidogo ya dola elfu. Ruger American inapatikana kwa karibu nusu ya hapo na inapiga vizuri kuliko bei yake. Mwenye mfuko mwembamba asione haya. Tofauti utaihisi kwenye komeo. La Tikka linateleza kama droo ya fundi aliyejua kazi yake, na mkono unaoteleza hauondoi jicho kwenye darubini.

Kaliba: .308 Winchester, iliyotoka 1952, au 6.5 Creedmoor ya 2007. Vijana watakuambia Creedmoor inapasua upepo vizuri zaidi na inapiga teke kidogo, na ni kweli. Mimi ningechukua .308, kwa sababu ipo hata katika duka la petroli la kijiji cha Montana, na wanyama wengi wa Marekani hupigwa ndani ya mita 200 ambako tofauti ya hizo mbili haina maana. Achana na magnum, zile risasi zenye baruti nyingi kupita kawaida. Muuzaji atakusifia nguvu, wewe utaiogopa, na mtu anayeogopa bunduki yake hulenga vibaya.

Weka akiba ya darubini. Ni heri bunduki ya dola 500 na darubini ya dola 400 kuliko bunduki ya 800 na kioo cha 100 kinachofifia jioni, wakati wanyama ndipo wanapotoka.

4. Ya wenzo: Marlin 336

Hapa naanza kusema kwa moyo. Hakuna anayehitaji bunduki ya wenzo siku hizi, ile ya kujazwa kwa kushusha na kupandisha mkono ulio chini ya kifyatulio, lakini kwenye msitu mzito wa mashariki ya Marekani, ambako kulungu anakutokea hatua hamsini, ni nyepesi, fupi na ya haraka. Jina kubwa ni Winchester 1894, kazi ya John Moses Browning, iliyotengenezwa zaidi ya milioni saba. Kiwanda chake cha New Haven kilifungwa 2006, na mpya za jina hilo zinatoka Japani, nzuri mno na ghali.

Marlin 336 ilizaliwa 1948 na ina faida moja ya wazi: ganda linatokea ubavuni, juu pamefungwa, kwa hiyo darubini inakaa bila shida. Winchester za miaka mingi hutema maganda juu. Kampuni ya Marlin ilinunuliwa na Remington 2007, Remington ikafilisika 2020, Ruger ikaichukua, na 336 ikarudi madukani 2023. Wazee wa mambo wanasema za kabla ya mauzo ya 2007 ndizo za kutafuta, na za Ruger zimerudisha heshima. Zile za katikati zikague kwa makini, hasa mti ulivyokutana na chuma.

Risasi ni .30-30. Magazini ni bomba chini ya mtutu, risasi zimelala ncha ya moja kwenye fataki (kiwashio cha nyuma ya ganda) ya iliyo mbele yake. Kwa hiyo nunua za ncha bapa au zile za ncha laini zilizotengenezwa makusudi kwa bomba. Ncha kali humo ni hatari.

5. Ya historia: Lee-Enfield Namba 4

Nafasi ya tano ni ya moyo mtupu, na kila mtu ana moyo wake. Mmarekani atakwambia M1 Garand, mwingine Mauser. Mimi naweka .303 ya Waingereza kwa kuwa ndiyo waliyobeba babu zetu wa King's African Rifles walipopelekwa Burma katika Vita vya Pili. Anayependa upande wa Wajerumani anajua kwamba huko Tanga, Novemba 1914, askari wao wengi bado walikuwa na Mauser ya mwaka 1871 inayotoa wingu la moshi kila inapolia. Hiyo nayo ni ya kupendeza, ila risasi zake utazitafuta kwa tochi.

Namba 4 inabeba risasi kumi na komeo lake ni la haraka ajabu. Unapokagua, linganisha namba ya komeo na ya mwili wa bunduki. Zikitofautiana, fundi apime nafasi kati ya komeo na ganda kabla hujapiga. Epuka zilizokatwa mti na kugeuzwa za kuwindia kama unataka thamani ya makusanyo. Kama unataka tu kupiga, ndizo rahisi zaidi. Risasi za jeshi za zamani zina fataki yenye chumvi inayokula mtutu. Ukizitumia, mimina maji ya moto mtutuni siku hiyo hiyo, kausha, kisha mafuta. Wanamgambo wa Canada wa kaskazini walibaki na bunduki hii hadi miaka ya karibuni, na iliyochukua nafasi yake imejengwa juu ya Tikka, ile ile ya namba tatu hapo juu.

Kama huna haja na historia lakini unapiga visahani vya udongo kila wikendi, iondoe na uweke ya mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake. Browning Citori ndiyo ya kutafuta, hata iliyotumika. Za Kituruki za bei rahisi zimeboreka, ila kwa risasi nyingi za kila wiki bawaba huanza kulegea.

Sefu lipigwe bolti sakafuni, na ndani uweke fimbo ya umeme ya kufukuza unyevu. Kutu ya kipindi kimoja cha joto inashusha bei kuliko miaka kumi ya kuwinda. Risasi zifungiwe mahali pengine. Wageni wa nyumbani hawana haja ya kujua ziko wapi.

Mtu ataniuliza kuhusu .375 H&H, kwa kuwa kila anayetoka Tanzania ana ndoto ya kurudi kuwinda nyati Selous. Ni kaliba nzuri, ya mwaka 1912, na ndiyo inayokubalika kwa wanyama hatari. Lakini bunduki yenyewe ni ghali, risasi moja ni dola kadhaa, na kuisafirisha kunahitaji vibali vya nchi mbili pamoja na shirika la ndege linalokubali. Kampuni za uwindaji zinakodisha. Kodi huko, na pesa iliyobaki ilipe mwindaji bingwa atakayekusimamia.